Kemia ya kati ya nyota kwa kompyuta tu, hivi hiyo ni kazi kweli?

Mwalimu mmoja wa kemia, anafundisha sekondari huko Songea, kaniuliza hivi, nafupisha: "Dokta, nasikia kuna watu wanafanya kemia ya huko kati ya nyota kwa kompyuta tu, hawagusi chupa wala asidi. Hivi hiyo ni kazi ya kulipwa mshahara? Mnajuaje kama mnachosema ni kweli wakati hakuna aliyefika huko? Na mimi mwenye digrii ya kwanza ya ualimu wa sayansi naweza kuingia au nimeshachelewa?"

Mwalimu, pole na kusahihisha madaftari. Nitajibu yote ila sio kwa mpangilio uliouliza, maana mimi nikishaanza kuongea habari za vumbi huwa nasahau mengine.

Kwamba ni kazi, ndiyo ni kazi, nalipwa na nakatwa kodi kama wewe. Mama yangu mpaka leo hajaelewa vizuri, yeye anajua mwanae ni daktari, wakimuuliza daktari wa nini anasema "wa vumbi" halafu wanacheka ukumbi mzima. Na wala hajakosea sana. Karibu kila kitu nilichofanya miaka hii kinahusu kitu kimoja tu, molekuli ikitua juu ya uso wa kitu kigumu inafanya nini, inashikwa, inateleza, inakutana na mwenzake, inaondoka. Huo uso unaweza kuwa metali ya kiwandani au punje ya vumbi iliyoganda barafu huko angani, mahesabu ni yale yale.

Mimi sikuanza na nyota. Nilianza na shaba. Kwenye masters nilipewa kazi ya kuhesabu jinsi kaboni dioksidi inavyogeuka methanoli juu ya uso wa shaba, maana viwandani methanoli inatengenezwa kwa kichocheo cha shaba na oksidi ya zinki, joto la nyuzi 200 hadi 300 hivi, presha ya mara 50 mpaka 100 ya hewa ya kawaida. Mitambo mikubwa, mabomba manene, hela nyingi. Siku moja nimekaa kwenye semina nasinzia (ilikuwa baada ya chakula cha mchana) mtu akaweka slaidi inasema methanoli ile ile imejaa kwenye mawingu ya gesi kati ya nyota, sehemu yenye kelvini 10, yaani nyuzi 263 chini ya sifuri, presha hakuna kabisa. Usingizi ukakata. Mimi nahangaika na presha ya mara 50 halafu kuna vumbi huko linatengeneza bure kwenye baridi ya namna hiyo? Ndo nilivyohama, ila nilihama na mahesabu yangu ya uso, sikuanza upya, na hilo nitalirudia mbele kwa sababu linakuhusu.

Sasa ngoja nikuonyeshe tatizo lenyewe, maana ukilielewa hili umeshaelewa nusu ya kazi yetu.

Chukua dadu la ludo, lile la sentimita moja kila upande. Hewa ya Dar pale usawa wa bahari, nafasi ya dadu moja ina molekuli 25 ikifuatiwa na sifuri 18. Kwenye mawingu ya gesi tunayoyaita mazito, tena mazito kweli kweli kwa viwango vya angani, nafasi hiyo hiyo ina molekuli kama 10,000 hivi. Lipo moja maarufu sana kwetu linaitwa TMC-1, liko kwenye kundi la nyota la Taurus, upande ule ule wa anga kilipo Kilimia ambacho wazee walikuwa wanakiangalia kujua lini walime. Huwezi kuliona kwa macho, ila ukikiona Kilimia umeshaelekea huko.

Sasa nyingi ya gesi hiyo ni haidrojeni, na ni haidrojeni ya atomi mbili zilizoungana, ile ile unayowachorea wanafunzi wa kidato cha kwanza H na H na mstari katikati. Swali la kitoto, zimeunganaje? Utasema zimegongana zikaungana. Hapana. Atomi mbili za haidrojeni zikiungana zinaachia nishati ya elektronivolti 4.5 (hicho ni kipimo cha nishati tunachotumia kwa atomi), ni nyingi sana hiyo, na lazima iende mahali. Kwenye chupa yako ya maabara kuna molekuli ya tatu pembeni inaipokea. Kule angani wa tatu hayupo, na zenyewe mbili haziwezi kuitoa kama mwanga kwa haraka inayotakiwa, kwa hiyo zinagongana na kuachana hapo hapo, nishati ile ile iliyotakiwa iziunganishe inazitenganisha. Lakini haidrojeni ya molekuli ipo, tena ndo molekuli nyingi kuliko zote, iliyothibitisha hilo ni roketi iliyorushwa Marekani 1970 ikiwa na kifaa cha kuchambua mwanga wa urujuani uliopitiliza, kazi ya George Carruthers, Mmarekani mweusi ambaye baadaye kamera yake ilipelekwa mpaka mwezini na Apollo 16 mwaka 1972. (Nawaambiaga wanafunzi wangu jina hilo kila mwaka, hakuna hata mmoja anayekuwa ameshalisikia.)

Mshenga ni vumbi. Gould na Salpeter walishaliandika 1963, kwamba atomi moja inatua kwenye punje ya vumbi, ya pili inaikuta pale pale, zinaungana na lile joto la ziada linamezwa na punje. Punje zenyewe ni ndogo mno, kama sehemu moja ya kumi ya maikromita, na kwa uzito vumbi lote ni kama asilimia 1 tu ya gesi. Lakini bila hiyo asilimia moja hakuna haidrojeni ya molekuli ya kutosha, na bila hiyo karibu kemia yote inayofuata haipo.

Sasa mtu wa kompyuta anaingia wapi? Anaingia kwenye neno "inatua". Inatuaje?

Hapa kuna kazi naipenda sana. Mwaka 1999 Jeloaica na Sidis, walikuwa Orsay Ufaransa, walichukua molekuli inaitwa koroneni, kaboni 24 zilizopangwa kama sega la nyuki na haidrojeni 12 pembezoni, wakaifanya ndo kipande cha grafiti, yaani mfano wa vumbi la kaboni, halafu wakaishusha atomi ya haidrojeni juu yake kwa kompyuta. Ukizizuia kaboni zisitikisike, ukasema uso ni bapa na ubaki bapa, haidrojeni haishiki. Ukiziachia zijongee, kaboni moja ile iliyo chini ya haidrojeni inainuka kutoka kwenye usawa wa wenzake, kidogo sana, chini ya nusu ya angstromu (angstromu ni milimita moja ukiigawa mara milioni kumi), kama chapati inavyofura sehemu moja kwenye kikaango, na hapo haidrojeni inashikwa. Ila ili chapati ifure inabidi ulipie kwanza, kuna kilima cha nishati cha elektronivolti 0.2 hivi cha kuvuka. Nilirudia hesabu hiyo mwenyewe nikiwa mwaka wa kwanza wa PhD, niliangalia kwenye skrini ile kaboni inapanda hatua kwa hatua, nikamwita mwenzangu wa meza ya pili aje aone, akaniambia mbona ni nukta tu. Basi.

Kitu kitamu ni kilichofuata. Mahesabu yakaonyesha pia kwamba haidrojeni moja ikishashika, kuna nafasi ya jirani (ile ya upande wa pili wa pete ya kaboni sita) ambayo ya pili inaingia bila kulipa kitu, kilima hakuna. Maana yake zinapenda kukaa mbili mbili. Na mwaka 2006 Hornekær na wenzake huko Aarhus Denmark walipiga picha grafiti yenye haidrojeni kwa hadubini ya STM, ile ya ncha inayopapasa uso atomi kwa atomi, wakazikuta zimekaa mbili mbili kweli. Kwa hiyo swali lako la "mnajuaje", jibu mojawapo ni hilo, tunasema, halafu mtu mwenye maabara anakwenda kuangalia, saa ingine tuko sahihi saa ingine tunaumbuka.

Nisikudanganye lakini, hicho kilima cha 0.2 kwenye kelvini 10 hakivukiki kirahisi. Kwa hiyo hiyo njia ya grafiti ni ya sehemu zenye joto joto, pembezoni mwa mawingu ambako mwanga wa nyota unafika. Ndani kabisa kwenye giza vumbi limeshafunikwa na barafu ya maji na haidrojeni inateleza juu yake imeshikwa kwa nguvu hafifu tu.

Tukirudi kwenye methanoli yangu. Kule ndani monoksidi ya kaboni, ile ile ya jiko la mkaa chumbani inayoua watu kila msimu wa baridi, inaganda juu ya punje kama sufi. Atomi ya haidrojeni inakuja. Ukipiga hesabu ya haraka kwa punje moja kwenye wingu zito unapata haidrojeni inatua kama mara moja kwa siku. Mara moja kwa siku! Mfanyakazi gani huyo. Lakini wingu lina muda, miaka laki kadhaa hadi mamilioni, kwa hiyo zinajazana. Inatua, inazunguka zunguka juu ya barafu, inakutana na monoksidi ya kaboni, na hapo kuna kilima tena, tena kikubwa kwa baridi ile, ungesema kwa kemia ya kawaida hapiti mtu. Haidrojeni haipandi. Inapenya. Tunaita tanelingi, ni kwa vile atomi ndogo namna hiyo inafanya mambo ya wimbi, inaweza kuonekana upande wa pili bila kuwahi kuwa na nishati ya kufika kileleni. Haidrojeni nne zikiingia moja baada ya nyingine unapata methanoli. Watanabe na Kouchi wa Hokkaido Japani waliifanya kwenye barafu ya maabara mwaka 2002, kundi la Leiden Uholanzi nao wakaifanya, ikakubali. Na sisi wa kompyuta tulichoongeza ni kasi yenyewe, kwamba kwa kelvini kadhaa inapenya kwa kasi gani, na ukiweka deuteri ambayo ni haidrojeni nzito mara mbili inapenya kwa taabu zaidi. Huko Stuttgart kuna watu wamekaa miaka na hesabu hizo tu.

Sasa hapa ndo pagumu na ndo nataka uelewe kabla hujaamua chochote. Kazi yetu kubwa sio kupata namba. Namba kompyuta inatoa hata ukiiuliza upuuzi. Kazi ni kujua namba hiyo imekosea kiasi gani.

Angalia. Sema nimekosea kilima kwa kilokalori 1 tu kwa moli, ambayo kwenye kemia ya kompyuta watu wanakupigia makofi, wanasema umefikia usahihi wa kikemia. Kilokalori 1 ni sawa na kelvini 503 (kwetu nishati nayo tunaipima kwa kelvini, ili tuilinganishe na joto moja kwa moja). Kwa joto la chumbani, kelvini 300, kosa hilo linabadilisha kasi yako kwa mara 5 hivi, inauma ila unaishi nayo. Kwa kelvini 10, kwa fomula ile ile ya Arrhenius unayofundisha kidato cha sita, 503 gawanya kwa 10, ni e kwa kipeo cha 50.3. Chukua kalkuleta. Ni 7 na sifuri 21 nyuma yake. Kosa dogo kabisa, kosa la kupongezwa, limegeuka kosa la mara zote hizo. (Tanelingi inapunguza hili kidogo maana kasi haifuati Arrhenius tena, lakini kwa mambo ya molekuli kubanduka kwenye barafu hakuna kinachokuokoa.) Nilipoiona hesabu hiyo mara ya kwanza nilitaka kurudi kwenye shaba.

Halafu utasema basi tumia njia sahihi zaidi. Zipo, ila bei. Njia tunayoitegemea kila siku inaitwa DFT, inahesabu nishati kwa kuangalia elektroni zimesongamana wapi, ile iliyompa Walter Kohn Nobel ya 1998, ukizidisha atomi mara mbili muda unakuwa kama mara 8. Njia ya dhahabu, CCSD(T), ukizidisha mara mbili muda unakuwa mara 128. Kazi ya siku moja inakuwa miezi minne, kama kumbukumbu ya kompyuta haijajaa kabla. Kwa hiyo unafanyaje? Unafanya sehemu ndogo kwa njia ghali, kubwa kwa njia rahisi, halafu unalinganisha na kujitetea mbele ya watu. Sehemu kubwa ya makala zangu ni kujitetea.

Nikupe aibu yangu moja. Mwaka wa pili wa PhD nilihesabu monoksidi ya kaboni inashikwa na barafu ya maji kwa nguvu kiasi gani, nikatumia kipande kizuri cha maji sita kwenye pete, safi kabisa, nikapata namba moja, nikaenda nayo mkutanoni kifua mbele, bango kubwa la rangi. Mzee mmoja wa darubini akasimama mbele ya bango muda mrefu hasemi kitu, halafu akauliza kwa upole tu, "hii namba ni ya shimo gani?" Sikuelewa. Akanieleza kwamba barafu ya huko angani haijapangika kama ya friji, imemwagika hovyo, ina mashimo, ina vijinundu, kuna sehemu molekuli inakaa imekumbatiwa pande zote na kuna sehemu imekaa kwenye ncha inakaribia kudondoka, kwa hiyo hakuna namba moja, kuna mtawanyiko. Kweli, vipimo vya maabara vya monoksidi ya kaboni kwenye barafu ya namna hiyo vinatawanyika kutoka chini ya kelvini 1,000 mpaka kuvuka 1,400. Na mimi nimekuja na namba moja yenye desimali mbili. Na zaidi ya hapo nilikuwa nimesahau nishati ya sifuri, ile mitetemo ambayo molekuli haiachi hata kwa baridi ya mwisho, hilo mzee hakuliona, nililiona mwenyewe usiku hotelini nikanyamaza. Nilirudi nikaanza upya na vipande kumi na kitu vya barafu iliyovurugika. Siku hizi makundi ya Torino, Barcelona na Grenoble wanafanya mamia ya sehemu kwa mpigo kwenye barafu kubwa, ndo utaratibu.

Kuhusu kujua kama ni kweli, nina hadithi nyingine, hii haina uso wala vumbi ila inaonyesha mantiki. Mwaka 1970 Buhl na Snyder walipata mstari wa redio angani kwenye gigahezi 89.2 ambao haulingani na molekuli yoyote iliyojulikana, wakaubatiza jina la utani X-ogen, maana hata wao hawakujua. Mwaka huo huo Klemperer wa Harvard akasema huo ni HCO+, ioni ambayo hakuna aliyewahi kupima mawimbi yake ya redio maabara. Mahesabu yakaja baadaye yakasema inawezekana, na 1975 Woods na wenzake wakafanikiwa kuitengeneza maabara wakapima, mstari ukakaa pale pale. Kila molekuli ina alama za vidole zake, Mwalimu, na sasa hivi zimeshatambuliwa zaidi ya 300 huko. Kwa barafu alama zenyewe ni kwenye mwanga wa infraredi, maji yanameza kwenye maikromita 3, kaboni dioksidi 4.27, monoksidi 4.67, na darubini ya James Webb iliyorushwa siku ya Krismasi 2021 ilishaangalia wingu la Chamaeleon I na mwaka 2023 watu wakatoa orodha, maji, amonia, methani, na methanoli yangu imo. Hatujafika huko ila mwanga umefika huku.

Siku yangu ikoje? Haina mbwembwe. Nafungua laptopu, naingia kwenye klasta (kompyuta nyingi zilizounganishwa) iliyoko jengo lingine (au nchi nyingine), naangalia kazi zangu kwenye foleni. Nyingine imeisha, nyingine imekufa. Kazi inapewa masaa 48, inakufa saa la 47, hiyo haijawahi kuniacha. Naandika faili la input, mistari 40 hivi, sehemu kubwa ni herufi ya elementi na namba tatu za mahali ilipo. Ukikosea nafasi moja ya desimali haidrojeni inatokea katikati ya oksijeni na nishati inakwenda angani. Mchana skripti za Python za kuchambua. Jioni kusoma makala za wenzako kuona nani amekuwahi. Nikiwa nyumbani umeme ukikatika simu ndo modemu, nashukuru kwamba kinachohesabu kiko mbali na kinaendelea. Asidi sijagusa miaka kumi, ila nakuambia ukweli, waliogusa wanaifanya kazi hii vizuri zaidi, maana wanajua jambo gani haliwezekani.

Sasa wewe. Hujachelewa. Ila sikiliza vizuri hapa kwa sababu wengi wanadanganywa.

Kazi zenye jina la kemia ya nyota ni chache duniani, nyingi ziko Ulaya, Japani na Marekani, na ukimaliza PhD (miaka mitatu mpaka minne) unaingia kwenye mikataba ya miaka miwili miwili, unahama nchi na mabegi, watoto wanabadilisha lugha. Mimi nimehama mara tatu. Wenzangu niliosoma nao wengi sasa hivi wako kwenye betri, kwenye vichocheo vya kiwandani, kwenye dawa, wawili benki, na wote wanatumia kile kile tulichojifunza. Kwa hiyo ushauri wangu ni usiombe kusoma nyota, omba kusoma uso. Kemia ya nyuso na DFT. Nyota utazikuta njiani, au usizikute na bado utakula. Aliyejifunza nyota tu bila mahesabu ya uso namwonea huruma.

Pa kuanzia siyo mbali kama unavyofikiri. Kuna shule ya Kiafrika ya mambo haya haya inaitwa ASESMA, ilianza 2010 Cape Town, ya 2012 ikafanyika Eldoret hapo Kenya, imeshapita Accra na Addis Ababa pia. Kigali kuna taasisi ya EAIFR chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda, ilizinduliwa 2018, ni tawi la ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia cha Trieste Italia, kile alichokianzisha Abdus Salam 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama zetu. Afrika Kusini wana CHPC, hicho ni kituo cha supakompyuta cha Cape Town. Fuatilia matangazo yao mwenyewe, usisubiri mtu akuletee, na kwenye barua ya maombi usiandike "tangu utotoni nilipenda nyota", kila mtu anaandika hivyo. Andika umehesabu nini.

Ndo maana lazima uwe umehesabu kitu. Programu za bure zipo, Quantum ESPRESSO ni bure kabisa, CP2K bure, xtb bure na ni nyepesi mno, ORCA bure kwa watu wa vyuo. Laptopu ya RAM ya GB 8 inatosha kwa mwanzo. Weka Linux, utateseka wiki mbili, ni kawaida.

Zoezi la kwanza, usianze na nyota wala koroneni. Chukua molekuli mbili za maji, zipange moja ikimpa mwenzake haidrojeni, hesabu nishati yake, halafu hesabu ya maji moja peke yake, zidisha mara mbili, toa. Unatakiwa upate karibu na kilokalori 5 kwa moli. Ukipata 12 umekosea kitu, ukipata 0.3 umeziweka mbali. Halafu weka nishati ya sifuri, ile niliyoisahau mimi, itashuka mpaka kama 3.2, ambayo ndo maabara wanapima. Badilisha fanksheno (hizo ni zile fomula za makadirio ndani ya DFT, zipo kibao) mara tatu nne uone namba inavyocheza, andika kwenye daftari kila moja imetofautiana kiasi gani na ya 3.2. Ukimaliza hapo ndo uende kwenye koroneni na haidrojeni moja, kwanza umezibana kaboni, halafu umeziachia.

Kidato cha sita wako wanaweza kuifanya hiyo ya maji na wewe, kompyuta moja ya shule inatosha, wagawane fanksheno kila kikundi moja.

Ukikwama, na utakwama, usinitumie picha ya skrini uliyopiga kwa simu imekatwa nusu. Nitumie faili lote la output, hata kama ni refu, kosa huwa liko juu kabisa kwenye mistari ambayo watu hawaisomi.